Usiniulize Habari za Biashara

Juzi nilikutana na jamaa niliyesoma naye, pale stendi ya Nyegezi, Mwanza. Tulipomaliza kukumbatiana akauliza, "Enhe, biashara inakwendaje?" Nikakwama. Nikisema inakwenda vizuri, maana yake watu wanakufa. Nikisema imedorora, ataona nasikitika kwamba hawafi. Nikajibu, "Tunamshukuru Mungu," na hilo nalo halikukaa sawa.

Miaka sita niliandika programu za kompyuta: mifumo ya mauzo ya maduka, ya ada za shule, ya vikoba. Huu ni mwaka wa pili natengeneza majeneza na kusafirisha miili. Sababu ya kuhama ni fupi na haina utukufu wowote: wateja hawakuwa wakilipa, na kodi ya nyumba haingoji. Mzee mwenye karakana aliniita nimtengenezee mfumo wa hesabu. Mfumo ukaisha, mimi nikabaki. Mama aliposikia alinyamaza, kisha akaniuliza kama kuna mtu nimemkosea.

Wengi wanasema nimetupa elimu yangu. Nadhani hawajawahi kuisogelea kazi hii. Chukua kipimo tu. Ndugu anayekuja kununua jeneza mara nyingi hajui urefu wa marehemu; anatazama huku na huku, halafu ananyoosha kidole: "Alikuwa kama huyu kijana." Kijana anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Nani akubali kuwa kipimo cha jeneza? Basi Mzee huvua kofia yake, akasimama wima kando ya mbao na kusema, "Nipimeni mimi, halafu mpunguze." Ana futi sita kasoro inchi moja, na nusu ya wateja wetu wamepimwa kwake.

Halafu kuna milima. Mabatini, Igogo na kwingineko, nyumba zimejibanza katikati ya mawe. Gari linaishia chini, na kuanzia hapo ni njia ya mguu. Jeneza langu la kwanza nililipenda sana: vanishi inang'aa, mikono ya rangi ya dhahabu, skrubu fupi zisizoonekana. Wakati wa kushuka nalo, kati ya mawe mawili, mkono wa mbele ukang'oka. Kijana mmoja akaingiza goti lake chini ya jeneza na kulizuia pale pale mpaka wenzake walipolishika vizuri. Hakuna aliyenilaumu; walikuwa na msiba. Siku hizi natumia bolti inayopenya ubao, na nati yake nakazia juu ya kipande cha bati, kisha ndipo naweka satini.

Safari nazo zimebadilika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ukipeleka mwili Sengerema au Geita unapita moja kwa moja. Kabla ya hapo mlisubiri kivuko, wafiwa kimya ndani ya gari, muuza karanga akigonga kioo. Anayezikwa Ukerewe bado lazima avushwe ziwa.

Kilichonisumbua kuliko randa na msumeno ni ulimi. Dukani mteja akiondoka unamwambia "karibu tena". Hapa ukiteleza hivyo umetukana. Tunasema "poleni", tunataja bei mara moja, basi. Wale wanaowadaka wafiwa kwenye mageti ya mochwari, kila mmoja akivutia kwake, wananikera mno. Mtu hajamaliza kulia, tayari anaonyeshwa picha za majeneza kwenye simu! Mzee akisikia habari zao hutema mate pembeni na kuendelea kupiga msasa.

Basi la jamaa yangu likaanza kuunguruma. Tukapeana mikono, nami, kwa mazoea tu, nikamwambia, "Karibu ofisini."

Hakuitikia.