Steringi Hafi, na Akifa Anarudi

Aliyefuatilia tamthilia ya Prison Break analikumbuka lile boksi. Ni msimu wa tatu, mwaka 2007. Lincoln Burrows amejaribu kumkomboa mwanawe pamoja na Daktari Sara Tancredi kutoka kwa watekaji, mpango umebuma, na jibu la watekaji ni boksi. Analifungua, anachungulia, nguvu zinamwishia. Ndani mna kichwa cha Sara. Mdogo wake, Michael, yuko gerezani Panama na hana habari. Lincoln anakwenda kumwona, wanasimama waya ukiwa katikati yao, na maneno hayamtoki.

Septemba 2008 msimu wa nne ukaanza, na Sara yuko hai. Kile kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Maelezo yalitolewa kwa sentensi chache, Michael akamkumbatia mpenzi wake, safari ikaendelea. Nami nilishangilia, tena kwa sauti.

Hapo ndipo mashabiki wa tamthilia tunapogombana. Wapo wanaosema mhusika akishakufa azikwe, mwandishi asituletee maiti inayotembea. Wapo wanaojibu kwamba hii ni burudani, si cheti cha kifo; kama watazamaji wanamtaka mtu wao, arudishwe. Mimi nipo karibu zaidi na wale wa kwanza, ila si kwa sababu wanazotoa wengi wao.

Sababu yao kubwa ni uhalisia: wafu hawarudi. Hoja hiyo ni dhaifu. Tamthilia ambayo mtu amejichora ramani ya gereza mwili mzima, kisha akaingia gerezani humo kwa makusudi, ilishaagana na uhalisia tangu sehemu ya kwanza, na hakuna aliyelalamika. Wale wa "steringi hafi" wanalijua hilo vizuri. Mtu hukaa akatazama risasi mia zikifyatuliwa huku akijua kabisa zote zitampita yule mmoja, na bado moyo unamwenda mbio. Kwa hiyo tatizo si kwamba jambo haliwezekani. Tatizo ni kwamba mwandishi akimuua mhusika, anatuomba tuhuzunike pamoja na waliobaki. Akimrudisha bure, wale waliobaki wanaonekana walilia bure. Rudia leo kuitazama ile sehemu ya boksi. Uso wa Lincoln ni uleule, uigizaji ni uleule, lakini wewe unayetazama unajua Sara yuko mahali fulani anapumua, na tukio zima limepoa.

Aliyefanya hivi kwa ukubwa kuliko wote ni Dallas, tamthilia ya Marekani kuhusu familia ya Ewing. Mei 1985 Bobby Ewing, aliyeigizwa na Patrick Duffy, alimsukuma Pam, mke wake wa zamani, asigongwe na gari, akagongwa yeye, akafa hospitalini familia ikiwa imemzunguka kitanda. Duffy alikuwa ameamua kuondoka, na kifo cha mhusika wake kiliandikwa kwa heshima zote. Msimu mzima uliofuata, sehemu 31, ulikwenda bila yeye. Watu waliomboleza, maisha yakasonga, Pam akaolewa na mwanamume mwingine. Kisha Mei 1986 Pam anaamka asubuhi, anasikia maji yakimwagika bafuni, anafungua mlango, na Bobby anageuka huku akioga na kumsabahi kama vile hakuna lililotokea. Watazamaji wakaachwa hivyohivyo hadi Septemba, ndipo wakaambiwa maana yake: Pam alikuwa anaota. Mazishi, machozi, harusi, yote ndoto.

Wanaotetea kurudishwa wahusika wana jibu zito hapa, na ni haki kulisikiliza. Bila Bobby tamthilia ilikuwa imepwaya. J.R., kaka yake Bobby na mbaya wa tamthilia, alikosa ndugu mwema wa kupambana naye, na ubaya wake ukawa hauna pa kugonga. Larry Hagman, aliyekuwa J.R. mwenyewe, ndiye aliyemshawishi Duffy arudi. Baada ya hapo Dallas iliendelea hadi 1991. Kama kipimo ni uhai wa tamthilia, basi ndoto ya Pam ilifanya kazi yake.

Sawa. Ila kuna upande wa pili ambao hausimuliwi sana. Knots Landing ilikuwa tamthilia iliyozaliwa na Dallas, na Gary Ewing, mmoja wa wahusika wake wakuu, alikuwa ndugu yake Bobby. Huko nako Bobby alishaombolezwa. Watayarishaji wa Knots Landing hawakukubali kuifuta kazi yao, wakawaachia Dallas ndoto yao. Kuanzia hapo Bobby akawa mzima upande mmoja na marehemu upande mwingine, na tamthilia hizo mbili zikaacha kutembeleana. Ndugu mmoja yuko msibani, mwingine yuko bafuni. Huwa nacheka kila nikilifikiria, lakini ndani yake mna heshima fulani: kuna waandishi walioona kwamba machozi ya wahusika wao yana thamani kuliko usumbufu wa hesabu kutolingana.

Tamthilia za kila siku, zile zinazokwenda miaka nenda miaka rudi, nadhani zina kanuni zao. The Bold and the Beautiful ilianza Machi 1987, na Taylor Hayes amewahi kudhaniwa amekufa zaidi ya mara moja, kisha akarudi kudai nafasi yake. Anayeitazama hajadanganywa. Anajua mkataba ulivyo: humo ndoa hazidumu, mimba zina baba wawili, na jeneza halifungwi vizuri. Nchini India, Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, iliyoanza mwaka 2000, ilimuua Mihir, mume wa Tulsi, katika ajali. Watazamaji walipiga kelele kiasi kwamba Mihir ikabidi apatikane mzima, ila amepoteza kumbukumbu. Ukimlaumu mwandishi wa tamthilia ya namna hiyo kwa kufufua watu, unamlaumu mpishi wa pilau kwa kutia viungo. Mambo mengine pia ni ya ofisini tu: mwigizaji ana mkataba, mkataba unaisha, wanashindwana kwenye malipo au anataka kupumzika, mwandishi anaambiwa amwondoe mtu wiki ijayo. Mwaka unaofuata wamepatana. Hata Sara wa Prison Break aliondoka kwa sababu za namna hiyo, na mashabiki ndio waliopiga kelele hadi akarudi.

Kwa hiyo siwezi kusema kila kurudi ni kosa. Ninachopinga zaidi ni kifo cha kutuchezea, ambacho mwandishi tangu mwanzo alijua si kifo. The Walking Dead, tamthilia ya wafu wanaotembea na kula watu, ndiyo iliyonichosha. Oktoba 2015 Glenn na mwenzake wamezingirwa na wafu juu ya pipa kubwa la taka, mwenzake anajipiga risasi, wote wawili wanaanguka katikati ya kundi, na tunaonyeshwa matumbo yakichanwa. Ili tuamini kabisa, jina la Steven Yeun, mwigizaji wa Glenn, likaondolewa kwenye majina ya mwanzo. Wiki kadhaa baadaye tukaambiwa alijiburuta akaingia chini ya lile pipa. Matumbo yalikuwa ya mwenzake.

Kisha Aprili 2016 Negan, adui mpya, akatokea na rungu lake, akamchagua mtu wa kumuua, rungu likashuka kuelekea machoni petu, na msimu ukaishia hapo. Tukakaa miezi sita tukikisia nani kafa. Oktoba wakaonyesha: Abraham kwanza, halafu Glenn, safari hii kweli. Lilipaswa kuwa tukio zito kuliko yote ya tamthilia ile, na kwa wengi lilikuwa hivyo. Mimi halikunipata. Nilikuwa nimeshamzika Glenn mara moja, nikafukua kaburi, nikaombwa nimzike tena. Wapo watakaosema kifo chake kilitoka kwenye vitabu vya katuni ambavyo tamthilia ilivifuata, hivyo hakikuepukika. Kweli, lakini lile pipa la taka lingeweza kuepukika.

Linganisha na 24, tamthilia ambayo kila msimu wake ni siku moja na saa huonekana ikihesabu. Sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, Mei 2002: Jack Bauer, mpambanaji wa magaidi, amewashinda maadui wote kwa siku moja, kama tulivyozoea, kisha anamkuta mkewe Teri amefungwa kwenye kiti, ameuawa na Nina, mtu aliyekuwa akifanya naye kazi. Ile saa ya tamthilia, ambayo kila siku hugonga kwa mlio wake, ikahesabu sekunde bila sauti. Teri hakurudi. Jack wa misimu iliyofuata ni mtu aliyeharibiwa na ile siku, na hata alipomuua Nina katika msimu wa tatu hakuonekana kupona. Msimu wa kwanza ukiurudia leo unauma zaidi, kwa kuwa unajua anachokimbilia Jack hatakiwahi.

Na kuna kifo cha Henry Blake katika M*A*S*H, tamthilia ya vichekesho kuhusu madaktari wa jeshi katika vita vya Korea. Machi 1975, McLean Stevenson alikuwa anaondoka, hivyo mhusika wake akaruhusiwa kurudi nyumbani. Wakamuaga kwa mizaha na mabusu, helikopta ikapaa. Kila mtu alidhani imekwisha. Ndipo Radar, karani wao, akaingia chumba cha upasuaji bila barakoa, akasoma taarifa: ndege ya Henry imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyenusurika. Hakuna anayesimama. Mikono inaendelea kushona majeruhi, unasikia tu chombo kimoja kikianguka. Watazamaji waliandika barua za hasira, na ninawaelewa, kwani walikuja kucheka. Ila waandishi hawakubabaika. Msimu uliofuata akaja kamanda mwingine, na Henry akabaki ni mtu wa kukumbukwa.

Nisije nikaeleweka kwamba napenda kuua tu. Tangu Ned Stark akatwe kichwa katika msimu wa kwanza wa Game of Thrones, mwaka 2011, waandishi wengi walidhani siri ni kumwondoa mtu mkubwa bila kutarajiwa. Hawakuona kwamba baada ya Ned vita vingi vya miaka iliyofuata vilitokana na lile panga. Kuua bila matokeo ni sawa na kufufua bila gharama, na sijui kwa nini cha kwanza kinaitwa ujasiri na cha pili kinaitwa woga.

Tamthilia hiyohiyo ndiyo inayonipa mfano wa kurudi ninakokubali nusu. Jon Snow alichomwa visu mwishoni mwa msimu wa tano, Juni 2015, na Mei 2016 akafufuliwa na Melisandre, kuhani wa kike. Wengi waliita ule uongo. Lakini tulishaonywa tangu 2013, kupitia Beric Dondarrion, mtu aliyefufuliwa mara sita na kueleza kwamba kila akirudi, kitu fulani ndani yake kinapungua. Zaidi ya hapo, kiapo cha walinzi wa Ukuta, ambao Jon alikuwa mmoja wao, kilisema ulinzi hautaisha hadi kufa. Jon alikufa, kwa hiyo akawa huru kuondoka, na kweli akaondoka. Huo ni uandishi mzuri, kwa sababu kifo kilifanya kazi hata baada ya kutenguliwa. Kinachonisumbua ni ile ahadi ya Beric. Jon alirudi na moyo uleule na huruma ileile, kama mtu aliyetoka usingizini. Gharama ilitangazwa na haikutozwa.

Tony Almeida wa 24, mwenzake Jack kazini, alitozwa. Alifia mikononi mwa Jack mwaka 2006, na mashabiki wenye macho makali waliona kwamba saa haikunyamaza kama alipokufa Teri. Aliporudi mwaka 2009 alikuwa adui, mtu aliyeliwa na kisasi cha mkewe Michelle. Ukirudi kukitazama kile kifo cha 2006, unaona kweli kuna Tony aliyefia pale.

Hasara nyingine ya vifo vya uongo ni kwamba vimetufundisha kutoamini. Hilo lilinijia wazi Aprili 2023, katika sehemu ya tatu ya msimu wa mwisho wa Succession. Logan Roy, tajiri mkubwa, anaanguka ndani ya ndege, na watoto wake wako melini kwenye harusi ya kaka yao. Tunaletewa habari kwa simu, kama wao. Simu inawekwa sikioni mwa baba, kila mmoja anaongea kwa zamu, mmoja anasema anampenda, mwingine anasema hamsamehe, hakuna anayejua kama anasikika. Roman, mmoja wa watoto hao, hataki kukubali, anasisitiza kwamba hakuna aliyethibitisha. Nami nilikuwa upande wake. Nilisubiri hila, nikawaza huyu mzee anawapima watoto wake, maana ndivyo alivyo na ndivyo tamthilia zilivyonizoesha.

Hila haikuja. Logan alirudi kwenye sehemu ya mwisho kwa njia moja tu: video ya zamani ambamo yuko mezani na wenzake, akitaja kwa kichwa majina ya walioshindwa katika chaguzi za urais wa Marekani, huku watoto wake wakitazama, wanatabasamu na machozi yanawatoka. Ni dakika chache, na kwangu zimezidi kila ufufuo niliouona kwenye runinga, wa Sara ukiwemo, ule nilioushangilia.