Changamoto, Suala, Zoezi: Tufute Yapi, Tubakize Yapi?

Yeyote anayepitia taarifa za vijiji vya Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, ataitambua sentensi hii: “Kijiji kinakabiliwa na changamoto katika suala zima la upatikanaji wa maji.” Ofisa anayeisoma pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, hajui kama pampu imeharibika, kisima kimekauka, au maji yapo ila ni ya chumvi. Kila tatizo kati ya hayo lina fundi wake na bajeti yake. Maneno kumi na moja yameandikwa, na hakuna hata moja linalomwambia aanzie wapi.

Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka tupunguze changamoto, suala, zoezi, mchakato na kuweza. “Zoezi la uvunaji wa zabibu linaendelea” halina mtu ndani yake. “Wakulima wanavuna zabibu” inaye. “Tumeweza kujenga madarasa” haisemi lolote zaidi ya “tumejenga madarasa”.

Hata hivyo, wanaoyatetea maneno haya wana hoja, na haifai kuipuuza. Mtendaji wa kijiji anamwandikia mkurugenzi wake. Akisema pampu haijatengenezwa tangu Machi, ataonekana anamnyooshea mtu kidole. “Changamoto” inamsitiri. Hofu hiyo ni ya kweli, na mwalimu wa uandishi anayejifanya haioni hamsaidii mtu huyu. Lakini Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na hapo ndipo ilipo njia ya kupita. “Pampu iliharibika Machi, sasa watu wanafukua mchanga wa korongo kupata maji.” Hakuna aliyelaumiwa, adabu ipo, na mkubwa ameshajua atume nini. Kwangu mimi, neno la kufutwa ni lile linaloficha jambo. Kutumika mara nyingi si kosa.

Na hapa ndipo wapenda kufuta wanapokosea. Sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na katika maandishi ya namna hiyo kurudia neno ni kinga. Mkataba ulioanza na “mpangaji” uendelee na “mpangaji” hadi sahihi ya mwisho. Mwandishi akichoka na neno hilo akaweka “mkaaji” katika kifungu cha sita, wakili atauliza kama hao ni watu wawili, na atakuwa na haki ya kuuliza. Bungeni nako “Mheshimiwa Spika” husikika kila baada ya sentensi chache kwa kuwa mbunge huzungumza kupitia kiti, hajibizani na mwenzake moja kwa moja.

Kuna pia vita dhidi ya amba-, ile ya “ambao” na “ambayo”. Kweli, “mradi uliojengwa” ni nyepesi kuliko “mradi ambao ulijengwa”, na mara nyingi mhariri anayefuta anafanya vyema. Ila jaribu kufuta katika “mradi ambao haujakamilika”. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi, kama -o- ya “uliojengwa”, hakikai pamoja na -ja- ya “haujakamilika”, hivyo mwandishi anasukumwa kwenye “mradi usiokamilika”, na lile tumaini la “bado” linapotea. Wa kwanza unasubiri kumaliziwa. Wa pili unasikika kama hautaisha kamwe. Mkandarasi anayedai malipo yake hawezi kukubali wa pili uandikwe mahali pa wa kwanza.