Swali si umeme tu, ni saa ya kuchaji
Makala moja inadai gari la umeme nchini Kenya halichafui hewa kwa kuwa umeme wetu karibu wote ni wa jotoardhi, maji na upepo. Ukijumlisha mwaka mzima, inakaribia kweli; kwa saa moja moja, hapana. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne, taa na pasi zikiwaka kila nyumba, mitambo ya mafuta mazito huwashwa kuziba pengo, na gari lililochomekwa wakati huo huongeza pengo lilelile. Baada ya saa sita usiku mahitaji ya umeme hushuka hadi sehemu ya mvuke wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Inauma! Wekeni taima ya gari ianze saa hizo, ikomee asilimia 80 ili betri idumu. Mnaoishi maghorofani, usiku huo mnachomeka wapi?