Dansi ikiisha, nani aongee?

Dansi ikiisha, viti viwili vinaletwa jukwaani. Mtunzi wa dansi hiyo, fulana ikiwa bado imemganda mgongoni kwa jasho, anapewa kipaza sauti na kuombwa aeleze alichofanya. Ndiyo desturi ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, siku hizi, kuanzia Halle de l'Étoile, ukumbi wa Institut français, hadi nyua za Kenya na Katuba, mitaa ya mji huu, ambako vijana hujipangia maonyesho yao wenyewe. Swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Yaya, bile byote ulikuwa unacheza, ni kusema nini?"

Watunzi wengi wanalichukia swali hilo. Wengine wanaliona haki ya mtazamaji aliyelipa nauli yake. Mimi naona mazungumzo haya yana faida kubwa, ila tunayaendesha vibaya, na ubaya wenyewe umeanza kabla mtu hajaingia ukumbini.

Wanaoyatetea wana hoja nzito. Dansi haiachi karatasi. Dorine Mokha, mtunzi wa mji huu, alifariki Januari 2021 akiwa bado kijana. Pamoja na Elia Rediger, mwanamuziki Mswisi, alikuwa ametunga Hercules of Lubumbashi, oratorio, yaani kazi ndefu ya kuimbwa, kuhusu migodi yetu na makampuni yanayofaidika nayo. Kijana anayeanza kucheza leo ataijuaje kazi ile? Kwa rekodi, kwa waliocheza naye, na kwa maneno ambayo Mokha mwenyewe aliyasema alipoulizwa. Kila mazungumzo tusiyoyafanya na mtunzi aliye hai ni sehemu ya kazi yake itakayopotea naye. Hili halina ubishi.

Halafu kuna mtazamaji. Asiyeambiwa kitu anatoka akiamini kwamba dansi ya namna hii ni mambo ya wazungu, na mara ya pili harudi. Anayepewa nafasi ya kuuliza, hata kama jibu halikumridhisha, angalau anajua kwamba aliyecheza ni mtoto wa mtaa anaoujua.

Lakini upande wa pili nao una historia yake hapa hapa kwetu, na naona haitajwi vya kutosha. Kati ya vita viwili vya dunia, ngoma ya mbeni ilichezwa Elisabethville, jina la zamani la mji huu, na katika kambi za wafanyakazi. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo vya wafalme na magavana, wakapiga hatua za kijeshi. Wakuu wa kikoloni wakaingiwa na wasiwasi: huu ni mchezo, au ni chama chenye lake jambo? Kwa maneno mengine, "ni kusema nini" liliwahi kuwa swali la polisi. Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, katika Zambia ya leo, mwanaanthropolojia Clyde Mitchell alichapisha mwaka 1956 uchunguzi wake juu ya ngoma ya kalela, na uzito aliuweka kwenye mavazi nadhifu ya wachezaji, maneno ya nyimbo na habari za makabila mjini. Uchunguzi mzuri. Ila ukiusoma hutajifunza kuicheza kalela.

Baadaye ikaja zamu ya Rais Mobutu na animation politique, wafanyakazi na wanafunzi wakipangwa mistari kumchezea Kiongozi. Pale hakuna aliyehitaji kuuliza maana, kwa sababu maana ilitolewa na chama kabla ya mguu wa kwanza kuinuka. Mtunzi wa Kongo anayekunja uso akiombwa maelezo basi asidhaniwe ana majivuno. Amerithi nchi ambamo mwili uliwahi kuamriwa useme jambo moja tu.

Na leo? Leo maana inatolewa na dosye, karatasi za kuombea ufadhili. Anayetaka kwenda kufanya kazi kwa wiki kadhaa nje ya mji, au kupata pesa za kutengeneza onyesho, lazima kwanza aandike kwa Kifaransa kizuri kazi yake itahusu nini, itagusa jamii vipi, itaponya nini. Anaandika hayo kabla hajapata hatua hata moja. Ndipo unakutana na maneno yale yale katika kila karatasi: mwili, kumbukumbu, jeraha, ustahimilivu. Usiku wa onyesho mtunzi anakaa kwenye kile kiti na kuyarudia kama yalivyo, kwa Kifaransa, mbele ya watu waliokuja na Kiswahili chao. Sishangai ukumbi unapopoa.

Wenzetu wa Goma na Bukavu wanabanwa zaidi. Huko, tangu kabla ya waasi wa M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mcheza dansi anayetoka Kivu alikwisha kuzoea kuulizwa habari za vita hata kama amecheza harusi ya jirani. Baada ya hapo, kulikwepa swali hilo kumekuwa kugumu mno. Sisemi lisiulizwe, maana wapo ambao vita ndiyo kazi yao na wangekasirika usipowauliza. Tatizo ni swali linalofika likiwa limekwisha jibiwa.

Kuna watunzi ambao maneno yao hayaichukui nafasi ya dansi. Germaine Acogny wa Senegal, aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice mwaka 2021 kwa kazi ya maisha yake yote, hufundisha kwa picha: uti wa mgongo ni nyoka, kifua ni jua, makalio ni mwezi, kinena ni nyota. Mwambie mchezaji "kifua mbele" atajikaza. Mwambie jua lichomoze, mabega yatashuka yenyewe. Pina Bausch, Mjerumani, aliwauliza wachezaji wake maswali mengi kwenye mazoezi na kujenga kazi kutokana na majibu yao. Na Faustin Linyekula wa Studios Kabako, Kisangani, amekwenda mbali zaidi. Katika Histoire(s) du théâtre II, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Avignon, Ufaransa, mwaka 2019, aliwapandisha jukwaani wazee waliowahi kuwa katika Ballet national du Zaïre, iliyoundwa mwaka 1974, mwaka aliozaliwa yeye. Wazee wanasimulia, wanacheza, wanasimulia tena. Huwezi kuyatenga mazungumzo na onyesho.

Wote watatu wanaongea sana, ila maneno yao yanafanya kazi ya kutengeneza dansi. Hayakuja baadaye kuifunga.

Nimewahi kuona hilo likitokea hapa pia, katika uwanja wa shule, Kenya, jioni, sakafu ya simenti, wachezaji wamejifunga magotini vitambaa vilivyokatwa kutoka jinzi kuukuu. Mazungumzo yalikuwa yanasinzia. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Pale ulianguka mara tatu. Ya tatu ulichelewa kuinuka. Ulikosea?" Mchezaji akacheka, akaacha kipaza sauti kwenye kiti, akaanguka tena mbele yetu, polepole, akionyesha kwamba mara ya tatu uzito ulikwenda kwenye nyonga, si kwenye goti, kwa sababu goti lilikuwa limevimba tangu juma lililopita. Kumbe ule uchelewaji tulioupenda ulizaliwa na simenti! Baada ya hapo maswali hayakwisha: mnafanya mazoezi saa ngapi, nani anawalipia nauli, mbona muziki ulizimwa pale. Mama mmoja akasema hatua ile ya kuvuta mguu anaijua kwao, inachezwa matangani. Mchezaji alikuwa hajui.

Atakayenipinga atasema mtazamaji hapaswi kuchaguliwa maswali, na kwamba habari za goti zinaweza kuwa njia ya kukimbia siasa, jambo la hatari katika mji unaokula kwa migodi. Nakubali nusu. Kazi kama ile ya Mokha na Rediger ilihitaji kuulizwa majina, nani anachimba na nani anavuna. Lakini hata huko, anayeuliza kilichotokea jukwaani hufika kwenye siasa akiwa na kitu mkononi.

Tena maneno hatuna upungufu nayo. Jengo la 30 Juin lilijengwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa michezo ya jukwaani wa mji huu, na kwa miaka mingi wamekaa humo wabunge wa jimbo. Tuliwapa wasemaji sakafu bora tuliyokuwa nayo.

Ningependa basi wanaoandaa maonyesho wafanye mambo mawili tu: mazungumzo yaanze kwa Kiswahili, Kifaransa kifuate kwa anayekihitaji, na swali la kwanza apewe mtazamaji, si mwendesha kikao mwenye dosye mapajani. Mtunzi asiyetaka kuongea usiku huo aruhusiwe kwenda kuoga, na malipo yake yasipunguzwe.