Gari la wikiendi: lililolala au lililotembea?

Kwa pauni 40,000 hivi, soko la magari yaliyotumika Uingereza leo linakuuzia vitu ambavyo miaka 15 iliyopita vilikuwa vya wacheza mpira na wakubwa wa benki: Audi R8 ya V8, Aston Martin V8 Vantage, Porsche 911 ya kizazi cha 997. Ukishuka hadi pauni 15,000 na ushei unakutana hata na Bentley Continental GT za mwanzo, silinda 12 na turbo mbili. Ndiyo maana Waswahili wa huku wenye kazi ya kueleweka wakikaa pamoja, mabishano hayakawii kufika hapo: mtu anayetaka gari la Jumamosi na Jumapili tu achukue gari la mbio hasa, viti viwili na injini mgongoni, au achukue GT, yaani gari la kifahari la masafa marefu, injini mbele na buti inayomeza mabegi?

Mabishano hayo ni matamu, ila yanaruka swali zito zaidi. Ukishachagua aina, bado utakuta mawili yanayofanana: moja limetembea maili 18,000 katika miaka 16, jingine limetembea 65,000. La kwanza litatangazwa kwa maelfu ya pauni zaidi. Je, lina thamani hiyo kwa mtu anayetaka kuliendesha?

Wengi wetu hujibu ndiyo kabla hata ya kufikiri, na tabia hiyo tumetoka nayo nyumbani. Dar au Mombasa, gari likitoka Japani swali la kwanza ni kilomita. Huko swali lina mantiki, kwa sababu historia ya gari mara nyingi imebaki Japani na kilomita ndizo ushahidi pekee mkononi, tena ushahidi unaoweza kurudishwa nyuma. Uingereza mambo ni tofauti. Gari likifikisha miaka mitatu linapimwa MOT kila mwaka, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama, na matokeo yako wazi kwenye tovuti ya serikali. Unaingiza namba ya gari, bure, unaona maili za kila mwaka, lilifeli wapi na lilipewa onyo gani.

Tuseme Vantage ya 2009 inatangazwa ikiwa na maili 18,000, na muuzaji anaapa haijaona mvua. Unafungua rekodi. Mwaka 2012 ilikuwa na maili 13,900. Mwaka 2015, 17,100. Kisha 2016, 2017 na 2018 hakuna kitu kabisa. Mwaka 2019 inaibuka na 17,250, pamoja na onyo kwamba tairi za nyuma zimepasukapasuka ubavuni na mabomba ya breki yameanza kutu. Muuzaji anakutajia maili 18,000, rekodi inakutajia gari lililolala karibu miaka minne. Sasa inama utazame ubavu wa tairi. Mwisho wa mlolongo unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: 1811 maana yake limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2011. Halijawa kipara hata kidogo, lakini mpira umekauka, na tairi za namna hiyo kwenye gari la nguvu za farasi 400 na barabara yenye maji ndizo zinazowapeleka watu kwenye kingo.

Gari lisilotembea linakufa polepole. Injini ikiwashwa dakika tano gereji "ipate moto" kisha ikazimwa, unyevu unabaki ndani ya oili kwa kuwa joto halikufikia la kuukausha. Sili za mpira zinakauka. Betri inalala, na magari haya yana kompyuta nyingi ambazo umeme ukipungua zinaanza kutoa makosa yasiyokuwepo. Yote hayo yanatokea huku maili zikiwa zilezile, kwa hiyo tangazo halisemi uongo wowote.

Mfano ulio wazi ni 911. Kizazi cha 996, kilichoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ndicho cha kwanza kupozwa kwa maji, na injini yake ilikuja na beringi ya shafti ya kati, ile maarufu kwa herufi IMS, ambayo ikivunjika inaondoka na injini nzima. Mafundi wengi wa Porsche wanaamini magari yanayokaa sana ndiyo yanayoathirika zaidi. Kizazi cha 997 kilichoingia 2004 kilibeba ugonjwa mwingine: kuta za silinda kuchubuliwa na pistoni. Gari linaanza kula oili, linatoa mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi, na bomba moja la ekzosi linakuwa jeusi kuliko mwenzake. Safari fupi fupi na kuikanyaga injini kabla haijapata moto huchochea tatizo. Uhakika unapatikana kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu la spaki plagi. Mwaka 2008 Porsche walileta toleo la pili la 997 lenye injini mpya isiyo na shafti ya IMS kabisa, na ndiyo maana bei yake bado imekaza.

Sasa weka 997 mbili za 2006 ubavu kwa ubavu. Moja ina maili 28,000 na injini haijaguswa. Ya pili ina 90,000, injini imefunguliwa, silinda zimewekewa kuta mpya, beringi ya IMS imebadilishwa, invoisi zote zimo kwenye faili. Soko linaipandisha ya kwanza. Mimi ningechukua ya pili bila kupepesa macho, na chenji ningeiweka kwenye tairi na petroli.

Hata hivyo wanaosifia maili chache si madalali peke yao. Wana hoja, na baadhi zina uzito. Mtu wa wikiendi hutembea maili 1,500 au 2,000 kwa mwaka. Akinunua gari la maili 20,000, baada ya miaka mitano litakuwa bado halijavuka 30,000, na mnunuzi wa baadaye atakuwa na ugonjwa uleule wa kupenda maili chache, kwa hiyo fedha inarudi. Pili, viko vitu vinavyoisha kwa kutembea, si kwa kukaa: bushi, beringi za magurudumu, ngozi ya kiti cha dereva, rangi ya boneti inayodonolewa na kokoto, na zaidi ya vyote klachi. Klachi ya V8 Vantage ni kazi nzito, kwa sababu gia boksi iko nyuma na lazima ishushwe pamoja na bomba linaloiunganisha na injini ndipo ifikiwe. Bili yake huweza kuvuka pauni 2,500. Tatu, yapo magari ambayo maili ni sehemu ya thamani yenyewe. Ferrari 360 yenye gia ya mkono, kwa mfano, imeacha mbali bei ya wenzake wenye gia za kompyuta ziitwazo F1, na anayeinunua anahifadhi mali kama vile anavyoliendesha.

Hoja ya kuuza baadaye ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli. Ila ina gharama yake isiyoandikwa popote. Aliyelipia maili chache huanza kuzilinda. Jumamosi inafika, jua linawaka, anapiga hesabu: nikienda Wales na kurudi ni maili 400, nimepunguza thamani. Anaishia kulifuta vumbi. Aliyenunua la maili 65,000 hana cha kulinda, anaondoka. Kama lengo lilikuwa kuendesha, huyo wa pili amepata zaidi kwa fedha kidogo, hata kama siku ya kuuza atapokea kidogo vilevile.

Turudi kwenye aina. Watetezi wa gari la mbio wana hoja moja ambayo GT haina jibu jepesi: Jumatatu hadi Ijumaa unaendesha BMW au Lexus yenye starehe zote, sasa wikiendi unataka starehe nyingine ya nini? Gari la Jumamosi liwe kitu tofauti kabisa. Nakubaliana nao nusu. R8 ya V8 yenye gia ya mkono, kile kishikio kinachogonga kwenye bamba la chuma kila ukibadili gia, hakuna gari la siku za kazi linalokupa kitu hicho.

Tatizo ni barabara. Sheria ya Uingereza inakomea maili 70 kwa saa kwenye motowei. Barabara ya A537 kati ya Macclesfield na Buxton, inayopendwa na wenye pikipiki na magari ya aina hii, ina kikomo cha maili 50 na kamera zinazopima mwendo wako wa wastani toka mwanzo hadi mwisho. Uskoti, mzunguko wa North Coast 500 unaoanza na kuishia Inverness una vipande virefu vya njia moja, mnapishana kwenye vituo vya kupishania. Huko upana wa gari ni muhimu kuliko nguvu zake. 911 ya kawaida ya 997 ina upana wa mita 1.81, Vantage kama 1.87, R8 imevuka 1.90, na vioo vya pembeni bado. Ukikutana na gari la kulala watalii kwenye kona yenye ukuta wa mawe, utazihisi hizo sentimita tisa.

GT nayo ina mtego wake, na jina lake ni bei ndogo. Continental GT ilipoanza kuuzwa 2003 ilikuwa na nguvu za farasi 552 na uzito wa zaidi ya tani 2.3. Leo inauzwa bei ya gari dogo jipya, lakini spea na saa za fundi zimebaki za gari la kitajiri. Injini imebanwa ndani ya boneti kiasi kwamba kazi kadhaa zinadai itolewe kwanza. Aston DB9 yenye silinda 12 ina tabia ya namna hiyo kwa kiasi chake: kubadili koili za kuwashia kunahitaji kufungua sehemu ya juu ya injini. Ununuzi wa pauni 15,000 huweza kudai theluthi yake katika mwaka wa kwanza, na mwenye gari akabaki anashangaa kwa nini lilikuwa rahisi.

Kodi nayo ina kichekesho. Magari yaliyosajiliwa kabla ya Machi 23, 2006 hayapandi hadi madaraja mawili ya juu kabisa ya kodi ya barabara hata yakitoa moshi mwingi kiasi gani. Kwa hiyo 997 ya Februari 2006 inalipa pauni 400 na ushei kwa mwaka, na pacha wake wa Aprili, injini ileile, analipa zaidi ya 700. Wauzaji wengi hawalitaji hilo. Angalia tarehe ya kusajiliwa kwenye cheti cha V5C.

Na kwa wanaoniambia watalitumia miaka michache kisha walipeleke nyumbani: Kenya haipokei gari lililovuka miaka 8 tangu lisajiliwe, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Hapo matuta hata hatujayafikia.

Kama fedha ni yangu, ningetafuta Vantage ya injini ya lita 4.7, iliyoanza 2008, gia ya mkono, maili kati ya 50,000 na 70,000, MOT kila mwaka bila mapengo, na klachi iliyokwisha kubadilishwa. Ni GT kwa umbo, buti yake inafunguka na kioo chake na kumeza mizigo ya watu wawili, taiming yake ni ya cheni, na sauti yake itamaliza ubishi wa nani ana gari la mbio. Ile ya gia za kompyuta inayoitwa Sportshift ningeiacha, maana ni klachi moja inayobanwa na mashine na kila ukirudi nyuma kwenye kilima inaliwa. Kwa sababu hiyohiyo ningeiacha R8 ya R tronic, yaani ya gia za namna hiyohiyo.

Anayeng'ang'ania injini mgongoni simlaumu. Achukue R8 ya gia ya mkono, ila aulize kwanza habari za shokapu. Nyingi zilitoka kiwandani na zile zenye mafuta yanayobadilishwa ugumu kwa umeme, zinavuja, na kuzibadili zote nne ni fedha nyingi. Iliyokwisha badilishwa shokapu, hata ikiwa na maili 20,000 zaidi, ndiyo rahisi kuliko ambayo bado. Aende kuitazama Novemba au Desemba, wakati wenye magari haya wanapoanza kuhesabu gharama za kuyalaza hadi Aprili, na amwambie muuzaji asiiwashe kabla hajafika. Injini ya baridi husema mengi ambayo ya moto huyaficha, na akikuta kifuniko cha injini kina joto saa tatu asubuhi ana haki ya kuuliza kulikoni.