Siku Niliyomfuta Mke Wangu

Nilipoandika barua ya kuacha kazi ya utunzaji wa ghala huko Jebel Ali, Dubai, baada ya miaka sita kamili, nilidhani kwamba shughuli pevu iliyobaki ilikuwa kufunga masanduku. Kiinua mgongo nilikuwa nimeshakipigia hesabu: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa mwaka wa sita, jumla siku 135, ambazo kichwani mwangu zilikuwa zimeshanunua bodaboda mbili na mabati ya nyumba ya Tanga.

Mandubu wa kampuni, yaani mtu anayetushughulikia makaratasi serikalini, na ambaye sijapata kumwona ameketi, aliniambia kwamba kompyuta imenikataa kwa sababu mimi ni kafili, yaani mdhamini. Nilicheka, kwa kuwa miaka yote sita mimi ndiye niliyekuwa na kafili. Kumbe mke wangu, aliyekuwa amerudi Tanga miezi minne nyuma ili ajifungulie kwao, alikuwa bado ni mkazi wa Dubai chini ya udhamini wangu, na sheria haikubali mdhamini afutwe na kuwaacha anaowadhamini wakining'inia. Ilibidi ifutwe kwanza viza ya mke, kisha kibali changu cha kazi katika wizara inayohusika na kazi, na mwisho kabisa iqama yangu, yaani kibali cha ukaazi, huko uhamiaji. Tena muhula wa kuondoka ukishapita, kila siku ina faini ya dirhamu 50, nami kwa dirhamu 50 hula siku mbili.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alinitumia nakala ya pasipoti yake, nikashinda katika foleni ya ofisi ya kuchapia fomu, na jioni nikatoka na karatasi yenye muhuri. Kwa furaha, na bila kupima maneno, nikatuma ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la ukweni: "Jamani, nawaarifu kwamba mke nimeshamfuta leo, na karatasi ninayo mkononi. Sasa nimebaki mimi tu, nikimaliza narudi nikiwa huru." Nikazima simu, nikalala.

Alfajiri nilikuta nimepigiwa simu mara 43. Huko Ngamiani, mtaa wa wakwe zangu Tanga, neno "karatasi" lilikuwa limesikika kama linavyosikika siku zote mke anapopewa karatasi. Mama mkwe alikuwa amekwenda kumwamsha binti yake ili amuulize kama ana habari, naye, akiwa na usingizi wa mja mzito, akajibu kwamba habari anayo, kwamba tulikubaliana, na kwamba pasipoti alinitumia yeye mwenyewe. Kisha akageukia ukutani. Mshenga wetu, ambaye ni mwalimu wa madrasa na hapendi swali lilale bila jibu, alikuwa ameshafafanua kwamba eda ya mja mzito humalizika kwa kujifungua, hivyo jambo halitachukua muda mrefu.

Nilieleza kwa simu hadi salio likaisha. Mke wangu, baada ya kuamka vizuri, alieleza pia, lakini alikuwa akikatizwa na kicheko chake mwenyewe, jambo ambalo wazee walilichukulia kuwa ni dalili ya mshtuko. Uamuzi wa baba mkwe ulikuwa mmoja: karatasi iletwe, isomwe.

Wiki tatu baadaye nikatua Dar es Salaam, nikapanda basi hadi Tanga, na kabla sijapewa maji ya kunawa nikaketishwa mkekani mbele ya wazee watano. Mshenga alivaa miwani, akasoma Kiarabu cha karatasi ile polepole, kisha akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyepokonywa kesi, kwamba kilichofutwa ni iqama, wala hapana talaka yoyote ndani yake.

Mama mkwe alishusha pumzi. Kisha akaiona karatasi nyingine mfukoni mwangu.

"Na hiyo ya pili, baba?"

"Hii ni yangu, mama. Nami nimefutwa."

Akanitazama, akayatazama masanduku yangu, akamtazama na binti yake mwenye tumbo la miezi tisa.

"Kumbe wote wawili hamna kazi!"