Viputo vya ultrasaundi na joto la Dar: shida iko kichupani kuliko mshipani

Ubishi kuhusu joto na dawa za viputo, zile zinazochomwa mshipani ili damu ionekane vizuri kwenye ultrasaundi, una kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema joto si hoja: kiputo kikishaingia kwenye damu kinafika nyuzi 37 ndani ya sekunde chache, ukitoe kwenye friji au mezani. Ya pili inajibu kwamba kiputo kilichopimwa maabara kwa nyuzi 22 si kile kile kilicho mwilini.

Kwa upande wa gesi iliyo ndani ya kiputo, kambi ya kwanza iko sahihi. Gesi ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 37 huongezeka ujazo kwa asilimia 4 tu, kipenyo kwa asilimia 1.3. Kiputo cha mikromita 2.50 kinakuwa 2.53. Hakuna cha kupigia kelele hapo.

Ganda linaloizunguka gesi hiyo ndilo lenye maneno. La SonoVue, mojawapo ya dawa hizi, lina lipidi (aina ya mafuta) iitwayo DSPC, ambayo ikiwa peke yake hulainika kwenye nyuzi 55 hivi. La Definity, dawa nyingine, lina lipidi ya DPPC, inayolainika kwenye 41. Kwenye mchanganyiko halisi namba hizo husogea, lakini 41 iko jirani mno na 37. Ganda linaloelekea kulainika huachia gesi kirahisi na hutikisika tofauti mawimbi yakilipiga. Tena maji baridi hubeba gesi nyingi iliyoyeyuka. Yakipashwa ghafla, gesi hiyo huhamia kwenye kiputo kilicho karibu na kukivimbisha. Ndiyo maana maji ya chumvi ya 0.9% yaliyotoka kwenye friji hayafai kusukumia dawa hii. Anayepima viputo maabara kwenye tangi la maji naye akumbuke kuwa sauti hupita majini kwa mita 1,488 kwa sekunde kwenye nyuzi 22, na 1,524 kwenye 37. Asipoandika joto la tangi, namba zake hazilinganishiki na za mtu yeyote.

Ila kwa hospitali ya Dar es Salaam, ubishi huo wote ni wa pili. Wa kwanza ni stoo.

Definity ya kawaida na Optison, dawa ya tatu ya aina hii, hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Optison ganda lake ni albumini ya damu ya binadamu, na ikiganda barafu imekwisha, hata kama kichupa kinaonekana kizima. Umeme ukikatika usiku, au kichupa kikisukumwa hadi kugusana na barafu nyuma ya friji, hakuna atakayejua asubuhi kama hakuna kifaa cha kurekodi joto. SonoVue ni unga, haihitaji friji, na kwa mji huu hiyo ni nafuu kubwa. Lakini tusijidanganye na maneno "joto la chumba". Lebo ya Marekani, ambako inaitwa Lumason, inataka nyuzi 25, na inavumilia 15 hadi 30 kwa muda tu. Februari, chumba kisicho na AC hapa kinapita 30 mchana. Kwa hiyo unga nao unataka kiyoyozi, tena kisichozimwa wikiendi.

Maandalizi nayo yana mitego yake. Kichupa cha Definity kiachwe kwanza kifikie joto la chumba, ndipo kiingie kwenye Vialmix, mashine yake ya kutikisia, kwa sekunde 45. SonoVue hutiwa mililita 5 za maji ya chumvi na kutikiswa kwa nguvu sekunde 20, hadi iwe nyeupe kama maziwa. Lebo ya Ulaya inatoa muda wa saa 6 baada ya hapo. Kwenye chumba chenye joto sioni sababu ya kuzingoja. Kupasha kichupa hadi 37 "ili kifanane na mwili" ni kazi bure: unakilainisha ganda kabla ya safari, na damu ingelipasha yenyewe.

Na picha ikififia mapema, joto lisiwe mshitakiwa wa kwanza. Angalia kanyula, kile kijibomba kilichoingizwa mshipani: nyembamba kuliko geji 20 huweza kuvunja viputo. Angalia kama bomba la sindano lilikaa mezani bila kutikiswa tena, viputo vikapanda juu, ikachomwa dawa iliyobaki chini. Angalia MI, kipimo cha nguvu ya mawimbi, kwenye skrini. Kama iko juu ya 0.3, huenda mashine yenyewe ndiyo inayovipasua. Vyote hivyo vikiwa sawa, na vichupa vya boksi lile lile vinafanya vivyo hivyo, hapo fungua rekodi ya friji.